Vyakula Laini ni vya Dada

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka naacha kazi yoyote niliyoishika na kukaa chini. Nimezaa watoto sita, mmoja nimemzika, na mume pia nimemzika. Nimeona ukame wa kuua ng'ombe na nimeona mvua ya kubeba mashamba. Lakini siku hiyo ndiyo inayonirudia. Ilikuwa saa sita mchana, nami nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nakueleza yote bila kujipamba, kwa sababu wiki iliyopita kwenye foleni ya kliniki nilimwona mama mmoja kijana akimlisha mwanawe kwa nguvu, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na wenzake kwenye benchi wanacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumwambia kitu, nikaona haya. Basi nakwambia wewe, uliyeniletea habari ya mwanao asiyekula.

Najua ninyi mna simu. Mtoto akikataa kula mnaandika humo, mnaletewa picha za sahani zenye karoti zilizokatwa kama maua. Sisemi ni vibaya. Mjukuu wangu amenionyesha, ni nzuri sana, hata mimi niliona njaa. Lakini kuna mambo simu haitakuuliza, na ndiyo hayo ninayotaka kuyafikia, ukinivumilia. Mimi nikianza kusimulia sina haraka. Walionizoea wanalijua hilo, na wasiolijua watalijua leo.

Nilizaliwa Bashay, huko juu Mbulu, kwenye baridi na vilima. Nikaolewa Gendabi, chini ya mlima Hanang. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe wangu, na mume wangu Bura, ambaye siku za kazi alikuwa mbali anaendesha trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano. Alikuwa anarudi Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Majirani zetu upande mmoja walikuwa wakulima kama sisi, na upande wa pili, ng'ambo ya uwa wa minyaa, waliishi wafugaji Wabarabaig. Tuliwapa mahindi, wakatupa maziwa. Tuliishi vizuri, isipokuwa siku ng'ombe wao walipoingia shambani.

Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Theresia. Alikufa kwa homa akiwa na miezi saba, hata jino moja lilikuwa halijatoka. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na uwa. Sasa nikueleze desturi yetu, maana ninyi wa siku hizi mnaijua nusu nusu. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga alikuwa anakaa peke yake kwa muda. Haendi kisimani, haendi kwa jirani, hasalimiani na mtu kwa mkono, na chombo anacholia chakula ni chake tu. Siku ya kumtoa, vyombo vyote vilivyotumika humo, na vile vya mtoto, vinapelekwa mpakani mwa shamba na kuachwa huko. Ndiyo iliyokuwa namna ya kufunga jambo. Tulikuwa Wakristo, tunasali kila Jumapili, lakini desturi hiyo hakuna aliyeigusa.

Mimi niliigusa. Theresia alikuwa na kibakuli chake, kipande kidogo cha kibuyu, kimelainika kwa kuoshwa, kinaenea kwenye kiganja. Siku ile walipokusanya vyombo nilikificha ndani ya mahindi ghalani. Nilishindwa kukitoa. Nilijiambia nitakitoa kesho, na kesho ikawa mwaka. Alipozaliwa Agnesi, mtoto wangu wa pili, na akafikia umri wa kunywa uji, nilikitoa ghalani nikamlishia hicho hicho, na mama mkwe nikamwambia ni kibuyu kipya. Nikasema moyoni, ni kibakuli tu.

Mwanzoni Agnesi alikunywa uji kama watoto wote. Alipovuka miaka miwili, akaanza kufunga mdomo. Ukimpa uji wenye bonge moja dogo, hata la ukubwa wa kichwa cha njiti, mwili mzima ulimshtuka akautema. Mlenda akiuona tu kwenye bakuli anatoka mbio. Maziwa yaliyochemshwa yakishika utando juu, hayanywi, hata utando ukiuondoa mbele yake. Makande ndiyo yalikuwa vita. Alikuwa analia kwa sababu ya maganda ya maharage, ingawa wakati ule sikujua kwamba ni maganda. Mimi niliona ni deko. Mama mkwe akaona ni deko. Majirani wakasema tumemlea kizungu, kana kwamba mmoja wetu amewahi hata kuiona nyumba ya Mzungu kwa ndani.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na cha kukusimulia. Ulipofika msimu wa ukungu, ule unaoshuka kutoka mlimani na kukaa mpaka mchana, siku tatu nne hamuoni hata zizi lenu, niliona jambo nisilolipenda. Agnesi alikuwa na kigoda chake. Alipokaa kula alikalia nusu tu, pembeni kabisa, karibu kudondoka. Nikamsogeza katikati. Nilipogeuka, alikuwa amerudi pembeni. Kibakuli cha uji nilichomwekea mapajani alikuwa amekiweka kwenye ile nusu iliyobaki wazi, na alikuwa anakitazama kwa utulivu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize.

Nikamuuliza kwa nini hali. Akanijibu bila hata kuinua uso.

"Laini ni vya dada. Dada hana meno."

Mwanangu, nilisimama pale na mwiko mkononi. Agnesi alikuwa na miaka mitatu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba alikuwa na dada. Sisi hatumtaji mtoto aliyekufa mbele ya aliyezaliwa nyuma yake. Jina la Theresia lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu siku niliyotolewa upwekeni. Nilikwenda kwa mama mkwe nikamuuliza kama amemweleza mtoto chochote. Aliapa kwamba hajamweleza. Alivyoapa, alikuwa ananitazama miguuni.

Kuanzia hapo niliishi kwa hofu. Kila mlo Agnesi alikuwa anasogeza kibakuli kwenye nusu ya kigoda, kisha anaondoka kwenda kucheza. Na kila nilipokirudia, kilikuwa kitupu. Si kwamba kimemwagika. Kitupu, kimelambwa, kinang'aa. Mbwa wetu alikuwa anashinda amefungwa. Kuku, labda. Najipa jibu la kuku hata leo. Lakini kuku akila uji anachafua chini, na pale chini palikuwa pakavu.

Na huku mtoto wangu anakonda. Hilo ndilo lililokuwa linanila. Mikono yake ikawa myembamba kama mpini wa kijiko, nywele zikaanza kubadilika rangi, na kila jioni nilimpima kwa kumzungushia vidole kwenye mkono, nikaona vidole vinapitana zaidi. Nilikuwa nimeshamzika mmoja. Nilijua jinsi mtoto anavyozidi kuwa mwepesi kabla hajaondoka. Nilianza kuamini kwamba Theresia anakula fungu la mdogo wake kidogo kidogo, na mwisho wa fungu atamchukua mwenyewe. Na aliyemwachia chombo cha kulia ni mimi.

Ungefikiri ningekitoa kile kibakuli siku hiyo hiyo. Sikukitoa. Ili kukitoa ilikuwa lazima nikiri kwa mama mkwe kwamba nilikificha, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyoogopa wafu. Ukiwa mke mgeni kwenye boma la watu utanielewa. Nikachagua njia ya kijinga. Nikaamua kwamba nikimlazimisha Agnesi kumeza vile vyakula laini, vyote, mbele ya lile kaburi, dada yake ataona kwamba fungu lina mwenyewe.

Basi hiyo ndiyo siku niliyokutajia mwanzoni. Mama mkwe alikuwa ameenda kisimani. Ukungu ulikuwa mzito, nikiona uwa wa minyaa kama kivuli tu. Nilipika makande, nikayalainisha, nikachanganya na mlenda ili yapite haraka. Nikambeba Agnesi mpaka nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya jiwe pembeni ya Theresia, nikamlaza mapajani. Hakupigana nami kwanza. Alitazama pembeni yangu, upande ambao hapakuwa na mtu, akasogea kidogo kama anayempa nafasi. Hasira na woga vikanipanda kwa pamoja. Nikambana pua kwa vidole viwili, kama walivyokuwa wakifanya wanawake wengi wa kwetu, mtoto anafungua mdomo kutafuta hewa, na wewe unamimina. Nikamimina.

Alimeza mara moja. Mara ya pili akapaliwa. Nikadhani ni ujanja, sikuachia pua. Mwanangu, nakwambia ukweli wangu wote: sikuachia. Macho yakamtoka, akaacha kupiga miguu, midomo ikabadilika rangi. Na ndipo nikasikia kimya. Hata ndege hawakulia kwenye ule ukungu. Nikamwinua, akaning'inia. Nikaita jina, na jina lililonitoka mdomoni halikuwa la Agnesi. Lilikuwa la yule mwingine.

Aliyenisikia ni Mama Gidamis, jirani yetu mfugaji, mama mzee aliyekuwa anakuja na maziwa kubadilishana na mahindi. Alitokea kwenye pengo la uwa, na vazi lake la ngozi na bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akaweka kibuyu chini bila kukitupa, akamchukua mtoto mikononi mwangu. Alimlaza kifudifudi kwenye mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Moja, mbili, tatu, nne. Mara ya tano likatoka bonge la makande lililofungamana na mlenda, na nyuma yake ikatoka sauti ya mtoto, ndogo, ya kukwaruza. Nilikaa chini kwenye udongo.

Nilimpa shikamoo, nafikiri kwa sababu sikuwa na neno jingine kichwani. Hakuitikia. Kwa Kiswahili chake cha kukatika katika aliniuliza nilikuwa nafanya nini, nikamweleza yote hapo hapo, kibakuli, dada, kigoda, kila kitu, nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia nifumbe macho na nifungue mdomo. Nikadhani ananiombea. Akanibana pua kwa vidole vyake vigumu, akanitia makande yale yale mdomoni, yamepoa, kwa mkono mzima.

Sijui nikueleze vipi. Mimi niliyala makande tangu nina meno, na ndiyo mara ya kwanza niliyahisi. Bila pua na bila macho, ladha haipo. Kinabaki kile kitu chenyewe. Ganda la harage linajikunja kwenye ulimi na kushika kooni. Punje ya mahindi inakataa, halafu inapasuka ghafla. Mlenda unavutika, nusu umeshuka tumboni na nusu bado uko mdomoni, na vyote vimeshikana kama kitu kimoja kilicho hai. Niliyatapika pale pale. Ndipo akaniachia.

"Ng'ombe wangu akikataa maji, mimi simpigi," akasema. "Naonja maji. Wewe umeonja leo, mtoto ameshakufa mara moja."

Akachukua kibuyu chake akaondoka. Mahindi hakuchukua.

Kwa siku tatu baada ya hapo Agnesi hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji, na hakusema neno. Nikimkaribia na chombo chochote, hata kikombe, alikuwa anafunika pua kwa mikono yote miwili. Mama mkwe alipouliza nini kimetokea nikamwambia mtoto ana mafua. Siku ya tatu asubuhi shingo ilikuwa imeanza kumlegea. Nilipanga kumbeba mpaka zahanati, mwendo wa saa tatu kwa miguu, nikaingia chumbani kutafuta kanga ya kumfungia mgongoni. Nikiwa chumbani nikasikia sauti jikoni. Kru. Kimya. Kru. Nikafikiri panya. Kisha nikakumbuka nimemwacha mtoto huko peke yake, na hiyo sauti ilikuwa ya meno.

Nilichungulia mlangoni, nikashikilia fremu. Moshi na ukungu vilikuwa vimechanganyika, mwanga mdogo tu. Agnesi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kwenye nusu yake. Sufuria ya ugali wa jana ilikuwa chini, ule ukoko ulikuwa umekauka na kubanduka wenyewe, tulikuwa tunawaachia kuku. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili anautafuna. Kru. Akamega kipande, akakiweka kwenye ile nusu nyingine ya kigoda. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kweli, nami pale mlangoni nikasubiri pamoja naye, nikiogopa kupumua, sijui nikitegemea kuona nini. Halafu akakichukua kile kipande akakitia mdomoni mwake.

"Dada hawezi hii," akasema, peke yake, bila kinyongo. Akasogea katikati ya kigoda.

Alikula ukoko wote. Mimi nililia kimya kimya nyuma ya mlango kama mwizi, kisha safari ya zahanati nikaiahirisha, nikaenda nikapika ugali mwingine kwa ajili ya ukoko peke yake, na ugali wenyewe nikawapa kuku.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mama mkwe. Nilipiga magoti nikaweka kibakuli mbele yake, nikasubiri kufukuzwa. Yule mama alikigusa kwa kidole. Akaniambia alikuwa anajua tangu mwaka ule wa kwanza, alikiona ghalani siku aliyokwenda kuchota mahindi, akanyamaza kwa sababu hata yeye hakutaka kitupwe. Na kwamba kila alipokiosha, akidhani yuko peke yake, alikuwa anakisemesha kwa lugha yetu. Pole mjukuu wangu, umeondoka hata jino hujapata. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. Tukatazamana. Basi huenda mtoto alisikia huko. Watoto wanacheza chini ya miguu yetu na sisi tunafikiri hawana masikio. Ila hiyo haielezi kibakuli kulambwa. Tulikipeleka mpakani mwa shamba kesho yake asubuhi, sisi wawili, tukakiacha. Nilipopita pale baada ya siku mbili hakikuwepo, na sikuuliza mtu.

Sasa nije kwenye chakula, maana najua ndicho unachokitaka na umekaa unanihesabia dakika.

Nilijifunza kwamba mtoto wangu hakuwa na shida na chakula, alikuwa na shida na namna chakula kinavyokaa mdomoni. Alitaka kitu kikavu, chenye sauti, kinachofanana leo na jana. Basi nikaanzia hapo alipokuwa. Ugali nikautandaza mwembamba kwenye kikaango kikavu mpaka ukawa kama chapati ngumu, nikamkatia vipande vya kushika mkononi. Viazi vitamu nikavifukia kwenye majivu ya moto, nikampa ile sehemu ya nje iliyokauka, ya ndani nikala mimi. Yai nikalikaanga jembamba mpaka pembeni likawa na ukavu. Dagaa nikawakausha kwenye moto, nikawatwanga wakawa unga, na unga huo nikaunyunyizia kidogo sana kwenye ugali kabla haujakauka. Majani ya maboga nikayaanika kama tunavyofanya siku zote, lakini badala ya kupika mboga nikayasaga. Kijani alikikubali kikiwa unga. Mbegu za maboga pia nilikaanga nikasaga. Bisi na karanga nzima usimpe mtoto mdogo hata akizililia, zinapalia, na mimi nimeshaona kupaliwa.

Maharage ilichukua karibu mwaka. Nilikuwa nayachemsha, nayamenya moja moja, kazi ya kipumbavu kabisa, mama mkwe akaja kukaa nami tukimenya huku tunasengenya watu, nayaponda na kuyapitisha kwenye chujio la chai mpaka hakuna hata chembe. Yakawa laini moja tu, siyo laini yenye vitu ndani. Hapo ndipo kosa la watu wengi. Kilicho laini kabisa anaweza kukizoea, kilicho kigumu kabisa anaweza kukizoea, kinachomtisha ni vile vilivyochanganyika, ambavyo hajui meno yatakutana na nini. Nilimpaka maharage hayo juu ya ukoko, mstari mwembamba tu, na pembeni nikaweka ukoko mtupu. Siku nyingi alikula ule mtupu. Sikusema kitu. Siku moja akaulamba mstari. Sikusema kitu pia, nilikwenda nje nikacheka peke yangu mpaka Mama Gidamis akachungulia uwani.

Maziwa mgando aliyapata kwake huyo mama. Ya kwao yanatikiswa sana kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, yakitoka hayana utando wala mabonge. Alimwekea kidogo kwenye kiganja, akakaa upande mwingine akiangalia ng'ombe, hakumtazama kabisa mtoto. Agnesi akachovya kidole. Kwa mwezi mzima ilikuwa kidole tu. Nikajifunza na hilo: mwache ashike, anuse, avunje, acheze nacho, na wewe tafuta kitu kingine cha kutazama. Mtoto akitazamwa mdomoni, mdomo unafunga.

Alinenepa polepole. Kila mwezi nilimpeleka kupimwa, na wewe fanya hivyo, usingoje mpaka shingo ilegee kama nilivyongoja mimi. Mtoto asipoongezeka, au akipaliwa mara kwa mara, au akikataa hata maji, nenda zahanati siku hiyo. Wala usiogope kumweleza nesi ukweli. Kama hali mlenda, sema hali mlenda.

Agnesi leo ana miaka arobaini na kitu, anaishi Dirma, ana watoto watatu na shamba la alizeti. Anakula karibu kila kitu, isipokuwa mlenda, na mimi sijawahi kumpikia tena. Mwaka jana wakati wa mavuno tulikuwa tunapepeta mbegu, mimi na yeye, nikapata ujasiri niliokuwa sina kwa miaka yote hiyo. Nikamweleza habari za kibakuli na za Theresia. Nikamuuliza, je, alikuwa anamwona kweli, alikuwa anafananaje, aliondoka lini. Nilitaka sana aniambie kwamba alimwona. Mama wa mtoto aliyekufa ana njaa yake.

Agnesi aliendelea kupepeta. Halafu akaweka ungo chini.

"Mama," akasema, "mimi sikumbuki dada yeyote. Nakumbuka vidole vyako puani."

Alisema kwa upole, mwanangu, kisha akaushika mkono wangu akaendelea kunieleza habari za bei ya gunia kana kwamba hakuna kilichosemwa. Lakini nilielewa. Miaka yote nilikuwa nimeogopa kitu kimoja nyuma ya nyumba ile, na mtoto wangu alikuwa ameogopa kingine.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ishike. Usimlazimishe mtoto kumeza. Usimbane pua, usimshike taya, usimtishie kwa mzimu wala kwa baba yake. Onja kwanza wewe, ukiwa umefumba macho, uone unampa nini. Anza na kile anachokikubali hata kama ni ukoko wa kuku, kisha ongeza kidogo, na ukishindwa leo rudi na kile cha jana bila kununa. Na kama kuna jambo unaliogopa, la msiba au la aibu, lipeleke kwa mtu mzima mwenzako, usilimalizie kwenye koo la mtoto.

Mungu akupe subira ya kukaa karibu na sahani isiyoguswa. Ampe mwanao mifupa, nywele nzuri na sauti ya kucheka, na akifika umri wangu, akikukumbuka, akukumbuke ukiwa umekaa pembeni yake unamenya maharage. Amina, mwanangu.